Ushahidi Wangu Juu ya Kadi ya Collins

Jumapili, 5 Julai 1998

Baraza limekwisha kabla jua halijawa kali. Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshiba sifa. Mke wangu Suzana kaniuliza kulikoni natembea kama niliyepandishwa cheo. Nilicheka tu.

Kesi ilikuwa hivi. Ngosha, mwenye studio ya picha za harusi kule Mabatini, alimlalamikia jirani yetu Collins Ojuok. Collins anauza kompyuta. Anazifuata Dar, nyingine zinatoka Dubai. Alimuuzia Ngosha moja, akamwambia kadi yake ya picha ni ya biti 128. Ngosha anajua kompyuta za wenzake ni za biti 32. Akapiga hesabu yake: yangu itakimbia mara nne. Haikimbii. Kuigeuza picha moja tu ya bibi harusi, anasema, unachemsha chai na kuinywa. Kwa hiyo ametapeliwa.

Wazee waliniita mimi. Nani mwingine hapa Buhongwa? Nimefundisha hesabu chuo cha ualimu mpaka nikastaafu, na mwaka 1986 nilipelekwa Dar kwenye kozi ya kompyuta. Mzee Chenge, mwenyekiti wa baraza, akasema: Mwalimu, tuambie kwa lugha ya watu.

Nikawaambia hivi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiyo lango la zizi. Lango lenu linapitisha ng'ombe wawili wawili. Mtu akaja akakujengea ndani josho la kuogesha ng'ombe wanane kwa mara moja, akakutoza bei ya wanane. Je, wataoga wanane? Hawataoga. Watafika wawili wawili, kwa sababu lango ni la wawili. Thelathini na mbili kwa mia na ishirini na nane ni sawasawa na wawili kwa wanane. Huo upana mwingine ni hewa umeuziwa.

Nilisikia wakivuta pumzi. Wote wafugaji wale. Mzee mmoja alipiga paja lake. Ilikuwa imeeleweka mpaka kwa waliokuwa wanasinzia.

Collins alisema hakudanganya, alisema kilichoandikwa kwenye boksi. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa heshima kama nimeiona hiyo kadi. Mzee Chenge akamkatiza: mzee hahojiwi na kijana.

Hukumu: atengwe. Asisalimiwe, asiombwe moto wala asipewe, asiende msibani wala asiendewe, hana harusi wala ngoma, yeye na nyumba yake, mpaka atakapochinja ng'ombe watu wapate kula, na aombe radhi kwa uongo wake. Atakayemsalimia anaingia pamoja naye.

Nilidhani wangemwambia arudishe pesa ya kadi tu. Lakini ndiyo sheria yetu. Imetulinda tangu enzi za wezi wa mifugo.


Jumanne, 7 Julai 1998

Saba Saba. Bendera barabarani, redio zinapiga kelele za maonyesho ya biashara.

Nimekutana na Akelo, mke wa Collins, kwenye njia ya bombani. Ana mimba kubwa. Alikuwa amebeba ndoo kichwani na hakukuwa na mtu mwingine njiani — nasema ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunisomea — hakukuwa na mtu. Akasimama, akapiga goti kidogo na ile ndoo, maji yakamwagika begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikapita.

Sikuijibu! Nimefundisha walimu miaka mingi kwamba mtoto akikusalimu hata kama umemchapa viboko asubuhi, unamjibu. Salamu si zawadi, ni haki. Leo nimeangalia nyasi.

Sheria ni sheria. Lakini nilisikia maji ya ndoo yanadondoka palepale nyuma yangu, maana yake alikuwa bado amesimama.


Jumatano, 8 Julai

Suzana hajapika mchicha. Mchicha hutoka bustani ya Akelo. Nimeuliza uko wapi. Kasema, "Umetengwa." Akaniwekea ugali na maharage, akaenda zake jikoni.


Ijumaa, 10 Julai 1998

Nimekwenda mjini kufuatilia pensheni, nikapita Mabatini kwa Ngosha. Nilijiambia napita tu.

Studio imejaa vijana wanabishana habari za Kombe la Dunia, nani atachukua fainali Jumapili. Ngosha alinipokea kama baba mkwe. Soda, kiti chenye mto. Akawaambia wale vijana: huyu ndiye aliyemkalisha Mjaluo chini kwa ng'ombe wawili. Wakacheka. Mmoja akasema mzee ni hatari. Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu.

Alikuwa ameifungua kompyuta apulize vumbi. Ndipo nikaiona hiyo kadi kwa mara ya kwanza.

Niliandike hili taratibu. Nilitoa ushahidi juu ya kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Ni ubao mdogo wa kijani. Katikati kuna kipande kikubwa cheusi, na pembeni yake vipande vidogo vyeusi vimekizunguka kama vifaranga kwa mama yao. Nilimuuliza Ngosha vile vidogo ni nini. Akasema, bila kujali, ni memori, ghala la kutunzia vitu, fundi alimwambia kadi ina memori yake yenyewe.

Yenyewe.

Nikauliza jingine. Picha ikishatokea kwenye skrini, ukiisogeza juu na chini inasuasua? Hapana, kasema, hapo inateleza kama mafuta. Kinachochelewa ni kuifungua, kuigeuza, kuisafisha uso.

Nikaomba ruhusa niondoke. Soda sikuimaliza.


Jumamosi, 11 Julai

Kuna kitu hakijakaa sawa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Ninaogopa kukimaliza.


Jumatatu, 13 Julai 1998

Suzana alitaka dagaa, nikamsindikiza mpaka soko la samaki la Mwaloni. Pale ndipo hesabu ilipomalizika, nikiwa nimesimama katikati ya harufu na kelele za wachuuzi, mkono wangu umeshika kikapu.

Upande mmoja kulikuwa na sangara. Mwanamume ananyanyua sangara mmoja, anamtazama jicho, anamfunua shavu, anaamua: huyu wa kiwandani, huyu wa kukaanga. Kisha mwingine. Hawezi kuamua wa pili kabla hajamweka wa kwanza. Ukimpa mikono minane hatafanya haraka zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuamua, na uamuzi mmoja unasubiri mwingine.

Upande wa pili dagaa. Mama anachota beseni zima, analimwaga kwenye chanja, anatandaza kwa mkono mmoja. Dagaa huyu hamsubiri dagaa yule. Wote wanataka kitu kilekile: kuanikwa. Hapo upana wa beseni ndiyo kila kitu.

Prosesa ni yule wa sangara. Ile 32 yake ni ukubwa wa namba moja anayoweza kuishika, na namba ya biti 32 inafika zaidi ya bilioni nne. Nani Mwanza anahesabu kupita hapo? Mishahara, herufi za barua, siku za mwezi, vyote vinaingia na nafasi inabaki. Ukimpanulia mpaka 128 atabeba sufuri tupu kutwa nzima. Tena kila kujumlisha, ile moja inayobebwa kwenda kushoto ina safari ndefu zaidi, na wote wanaisubiri ifike. Upana wa namna hiyo ni mzigo. Ndiyo maana waliomtengeneza wakamwacha mwembamba, wakamfanya mwepesi wa miguu.

Kadi ya picha ni dagaa. Skrini ni nukta, maelfu kwa maelfu, kila moja na rangi yake. Rangi moja haizidi biti 32. Nukta ya kona hii haina habari na nukta ya kona ile. Lakini skrini huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo lazima zichotwe nyingi pamoja. Beseni la 128 ni nukta nne kwa mchoto mmoja. Si kwamba kuna namba kubwa ya biti 128 mahali popote. Ni ndogo nne zimepangana bega kwa bega.

Nazo hazipiti langoni! Hapo ndipo nilipoua mtu. Nukta zinakaa ndani, kwenye memori ya kadi yenyewe, vile vifaranga. Prosesa anatuma amri fupi tu — paka rangi mstatili huu — na kadi inapaka yenyewe huko ndani. Langoni inapita amri, si ng'ombe. Ng'ombe walikuwa ndani ya zizi tangu mwanzo, na josho la wanane ni josho la wanane.

Collins aliuza alichosema. Kazi zinazomchelewesha Ngosha, kufungua picha na kuigeuza, ni za prosesa, na nadhani memori kuu aliyonunua ni ndogo. Hakuna aliyemwambia kwamba kadi ya picha haigeuzi picha. Hilo ni kosa la kutokueleza. Si utapeli.

Nilimweleza Suzana palepale, karibu na chanja. Alinisikiliza mpaka mwisho akichagua dagaa. Yeye huniachia nimalize, ni tabia yake nzuri. Kisha akauliza: kwa hiyo, Baba Revo, yule Collins hana kosa?

Hana.

Akafunga kikapu. "Na salamu ya mke wake uliimeza ya nini?"

Nilikuwa sijamwambia. Kumbe Akelo mwenyewe alimwambia, juu ya ua, kwa kunong'ona. Suzana amekuwa akizungumza naye wakati wote huu. Mke wangu ana ujasiri, mimi nina shahada tu.


Jumanne, 14 Julai

Sikutoka. Nilisema goti linauma.

Nimejiuliza kwa nini ilikuwa rahisi kumhukumu Collins. Nadhani najua. Nilisikia neno mfanyabiashara, na masikio yangu yakasikia mlanguzi. Mimi ni wa enzi ya kupanga foleni ya sabuni. Tulifundisha kwamba anayenunua kwa kumi na kuuza kwa kumi na tano ni kupe. Sasa wanasema soko huria, na kila kijana ana duka, na mimi nimebaki na kupe kichwani. Nilikuwa nimeshamhukumu kabla sijaanza hesabu. Hesabu niliileta baadaye, iwe shahidi wa uongo.

Na ilikuwa hesabu nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeeleza vibaya, wangetilia shaka.


Jumatano, 15 Julai 1998

Kwa Mzee Chenge. Nilimkuta anakagua magunia ya pamba. Akaagiza niletewe kiti.

Nilimwambia nilikosea. Akapigapiga gunia kwa fimbo. Akaniuliza kama nimekosea kidogo au nimekosea kabisa. Kabisa, nikasema. Akaniuliza nani mwingine anajua. Suzana, nikasema. Akashusha pumzi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mwalimu, ulitufanya tuelewe. Sasa unataka tusielewe tena?"

Nikajaribu habari za dagaa. Akasema yeye hali dagaa, wanamwasha.

Akanipa njia. Huyu kijana amekataa kuchinja ng'ombe kwa kiburi tu. Wewe ni mzee, nenda kamwambie achinje hata mbuzi, aseme neno moja la radhi, tutakula, tutacheka, yataisha. Hakuna haja ya kumvua mtu nguo mbele ya watu. Alisema "mtu". Alimaanisha mimi.

Nikakubali. Nimeandika na sasa nasoma nilichoandika. Nimekubali kwenda kumwambia mtu asiye na kosa aombe radhi ili mimi nisivuliwe nguo.


Alhamisi, 16 Julai 1998

Nilikwenda dukani kwa Collins, Mabatini. Sikwenda nyumbani kwake, jirani yangu wa ua kwa ua. Nilikwenda mjini, mahali ambapo mtu wa Buhongwa hatanikuta. Tangu baraza duka limekufa, maana Ngosha yuko mtaa wa pili na mdomo wake haulali. Watu wanapita wanalichungulia kama nyumba yenye ndui.

Collins alinyanyuka, akanipa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya boksi. Aliniamkia. Nikaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu anayelipa deni.

Nikampa ujumbe wa Mzee Chenge. Mbuzi tu, na neno moja. Nilipamba. Nikasema ujana ni kuinama, mti usioinama huvunjika, mambo kama hayo. Alisubiri nimalize. Wote wananisubiri nimalize!

Akasema hakumdanganya Ngosha, na akiomba radhi kwa uongo, basi kuanzia siku hiyo yeye ni mwongo kwa kinywa chake mwenyewe, na mtoto wake atazaliwa mtoto wa mwongo. Nani atanunua hata redio kwake? Halafu akaniangalia vizuri.

"Mwalimu, wewe unajua kwamba sikudanganya?"

Ningeweza kusema sijui.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Alihesabu kwa vidole, polepole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba Akelo alianguka bombani juzi Jumanne, wanawake wakaangaliana, hakuna aliyemshika mkono, akanyanyuka mwenyewe. Mimba haikudhurika, anashukuru Mungu. Lakini mkewe amesema hazai mahali ambapo hata mkunga atapita kimya. Wanarudi kwao, Shirati. Amekwishazungumza na dereva wa lori la kwenda Mara, Jumatatu. Lori halina saa, likijaa linaondoka.

Nikamwambia nitazungumza barazani Jumapili. Akasema, basi kaseme palepale uliposemea, kwa sauti ileile. Neno la kumtenga likiondolewa kabla lori halijaondoka, atashusha vitu. Likiwa bado, atakwenda.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Desturi. Nilitamani asinisindikize.


Jumapili, 19 Julai 1998

Nimesema.

Nilisimama palepale, nikaanza vizuri. Nikasema mbele yao wote: ushahidi nilioutoa ulikuwa wa uongo, ingawa sikujua ni uongo, na nilipaswa kujua. Kisha nikaeleza. Nilianza na sangara na dagaa, nikaona nyuso zimelala, wale ni watu wa ng'ombe. Nikarudi kwenye zizi. Nikasema ng'ombe walikuwa ndani tangu mwanzo. Mmoja akauliza, waliingiaje kama lango ni la wawili? Kicheko. Nikasema langoni zinapita amri. Akauliza amri ina kwato ngapi. Kicheko kikubwa zaidi. Mwingine akasema juzi ng'ombe, leo samaki, Jumapili ijayo Mwalimu atatuletea kuku. Na mwingine, nyuma kabisa, lakini nilisikia: amelishwa sato na Ojuok.

Kadiri nilivyoeleza ndivyo maelezo yalivyorefuka. Kweli ina vipande vingi. Uongo wangu ulikuwa na kimoja.

Ngosha akasimama, akasema maneno yote mazuri, ila kompyuta bado inachelewa. Nikamjibu ni memori ndogo. Akasema ndiyo kwanza anasikia leo.

Nikaona sina njia. Nikamwambia mwenyekiti: sheria yetu inasema aliyesema uongo barazani ndiye anayetengwa. Nitengeni mimi. Mwondoleeni Collins neno.

Nilidhani nimejivua nguo mpaka mwisho. Kumbe hawataki kuuona uchi wangu. Mzee Chenge alizungumza kwa huruma! Alisema Mwalimu ametufundishia watoto, Mwalimu amechoka, goti linamsumbua, mawazo ya uzee huja na kuondoka kama mvua za vuli. Kilichosemwa siku ile kilisemwa na akili timamu, kila mtu alikielewa. Cha leo hakuna aliyekielewa. Basi cha siku ile kinabaki.

Wakanisamehe mimi ili wasimsamehe yeye.

Wakanishika mkono mmoja mmoja wakitoka. Pole Mwalimu, pumzika Mwalimu. Ni Mzee Luhaga tu ambaye hakunipa pole. Alikaa kwenye gogo lake akinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemjua. Siku zote hasemi kitu barazani. Wengine husema masikio yake yamekufa.

Akelo alikuwa kwenye ua wakati narudi. Ameanza kufunga sufuria kwenye shuka. Nilimsalimia kwanza mimi, kwa jina, watu wakiona. Akaitikia bila kuacha kufunga.


Jumatatu, 20 Julai 1998

Lori limekuja mapema. Limeegeshwa barabara ya Shinyanga, na Collins anapeleka vitu kwa mkokoteni. Suzana ametoka asubuhi bila kuniaga, amevaa kanga mbili, amekwenda mchana kweupe kumsaidia Akelo. Kila mtu anamwona. Wanawake wa bombani wamesimama. Nimemfuata kwa macho mpaka akaingia ndani ya nyumba ile. Sasa na sisi tumeingia kwenye kutengwa, na hakuna baraza lililokaa kutuingiza.

Nilikuwa navaa viatu nikawasaidie kubeba. Mzee Luhaga akabisha hodi.

Alikataa chai. Alikataa kiti chenye mto, akakaa kwenye kigoda. Alisema jana hakunielewa. Nikamwambia wengi hawakunielewa. Akasema hapana, hakunielewa hata mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliielewa habari ya ng'ombe, na ng'ombe anawajua tangu utotoni, kwa hiyo hakujifunza kitu. Alinyamaza tu kwa kuwa wenzake walifurahi. Sasa mtoto wa watu anahama, na neno lililomhamisha lina kidole chake pia, maana barazani sisi huhukumu kwa kukubaliana, na mmoja akilikataa neno linaanguka.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari na mfano mwingine, mzuri kuliko yote, wa shamba la pamba. Akaniinulia mkono.

"Leo usinipe ng'ombe, Mwalimu. Usinipe na samaki. Nipe kitu chenyewe. Biti ni nini?"

Nilikaa chini na kiatu kimoja.

Nimetafuta karatasi. Nimemchorea kijumba kimoja. Nikamwambia: ndani yake inakaa alama moja, ama sufuri ama moja, basi. Akauliza, basi? Basi. Akakitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, viwili vikikaa pamoja? Nikamchorea viwili. Akahesabu mwenyewe, kwa kucha, njia za kuvijaza. Zilimtoka nne. Hakunitazama kutaka sifa, alivuta karatasi karibu na kuongeza kijumba cha tatu.

Saa nzima tumefika kwenye vijumba vitano. Inatakiwa kufika thelathini na viwili, halafu nimwonyeshe kwa nini inatosha kuishia hapo, halafu twende kwenye nukta. Sasa hivi ametoka, anamfuata mzee mwenzake mmoja ambaye anasema naye ana kichwa kigumu kama chake. Amenikataza kuendelea mpaka warudi. Lazima waanze wote na kijumba kimoja.

Naandika haya wakati nawasubiri. Nimekwenda mpaka mlangoni mara mbili. Kitanda kimeshapanda. Collins yuko juu ya lori anafunga kamba, na dereva anamwambia kwa sauti kwamba nafasi iliyobaki ni ya magunia mawili ya mahindi, mwenye magunia yuko njiani.

Nikienda kumwomba asubiri, wazee watakuta nyumba tupu. Nikikaa, mwenye mahindi atafika.

Nasikia fimbo ya Luhaga uani. Yuko na wawili, si mmoja. Nachukua karatasi safi.